Je, Wajua? Nzuzi wa Mainz na mabeki wa Kongo waliokanyaga nyasi za Ujerumani

Je, wajua kwamba timu ya taifa ya Ujerumani imekuwa na beki ambaye jina lake lingeeleweka Alimbongo upesi kuliko Berlin? Mgongoni mwa jezi yake husomeka Baku, washabiki humwita Ridle, lakini majina yake ni Bote Nzuzi Baku. Alizaliwa mjini Mainz tarehe 8 Aprili 1998, na wazazi wake wametoka Kongo. Siku hiyohiyo alizaliwa pacha wake, Makana Nsimba Baku. Kwa Bakongo, watu wa magharibi ya nchi yetu, kule mto Kongo unakokaribia bahari, pacha anayetangulia huitwa Nsimba, anayefuata huitwa Nzuzi, na mtoto atakayezaliwa baada ya mapacha ataitwa Landu.

Mtu aliyekulia kwenye barabara ile inayopanda kutoka Butembo, ikapita Lubero na kufika Alimbongo, hahitaji kuelezwa sana. Kwa Banande, watu wa huku, ukisikia Paluku unajua ni mtoto wa kiume wa kwanza. Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Hata kabla hujamwona mtu, jina limeshakwambia alikaa wapi kwenye foleni ya kuzaliwa. Kwa hiyo Wajerumani wanaposhangilia bao la Baku, mtu wa huku anaweza kuongeza jambo ambalo wengi wao hawalijui: huyo ni pacha, na nyumbani kwao ndiye aliyekuja wa pili.

Ridle nalo lina asili yake. Baba yake alikuwa mshabiki wa Karl-Heinz Riedle, mshambuliaji Mjerumani aliyesifika kwa kuruka juu na kupiga mipira ya kichwa. Riedle alikuwamo katika kikosi cha Ujerumani Magharibi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1990. Tarehe 28 Mei 1997, mjini Munich, aliifungia Borussia Dortmund mabao mawili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, wakaipiga Juventus 3-1. Haukupita mwaka mmoja, mapacha wa Baku wakazaliwa. Herufi moja ikadondoka njiani, Riedle akawa Ridle, na jina la utani la nyumbani likawa jina la kazi. Napenda sana jambo hili. Mzazi aliyehamia mbali amempa mwanawe jina la desturi ya kwao, kisha juu yake akaweka la shujaa wa nchi iliyompokea, na mtoto ameyabeba yote mawili hadi uwanjani.

Ridle alilelewa kisoka na klabu ya mji aliozaliwa, Mainz 05, tena si kama beki bali kama kiungo. Mwezi wa Aprili 2018 Mainz walikuwa wanapigania kutoshuka daraja. Tarehe 29 kijana akaanzishwa dhidi ya RB Leipzig, mechi yake ya kwanza ya Bundesliga, na akafunga bao. Mainz wakashinda 3-0. Siku sita baadaye walikwenda Dortmund, nyumbani kwa klabu ileile ya Riedle. Dakika ya 4 tu, Ridle akafunga tena. Mainz wakashinda 2-1 na kubaki ligi kuu. Akiwa na umri wa miaka 20: mechi mbili, mabao mawili, na klabu imeokoka.

Sasa angalia uwanja wenyewe. Uwanja wa Dortmund, ule wa Westfalen, ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1974. Na hapo, tarehe 14 Juni 1974, ndipo Wakongo walipocheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, wakati huo nchi ikiitwa Zaire. Walikuwa timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika mashindano hayo.

Habari za timu hiyo husimuliwa vibaya, na ndiyo sababu nitakaa hapa kidogo.

Chui wale, kama timu ya Zaire ilivyoitwa, hawakuwa watu wa kubahatisha. Machi 1974, nchini Misri, walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, wakashinda 2-0, na mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na Ndaye Mulamba. Katika mashindano hayo Ndaye alifunga mabao 9. Huko Dortmund walifungwa na Skoti mabao mawili kwa bila, matokeo ambayo timu yoyote ngeni ingeweza kuyabeba bila kuinamisha kichwa. Yaliyowavunja yalitoka nje ya uwanja. Fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, wachezaji wakatishia kugoma, na tarehe 18 Juni wakaingia uwanjani Gelsenkirchen kupambana na Yugoslavia roho zikiwa zimekwisha kukatika. Wakafungwa 9-0. Kocha wao, Blagoje Vidinić, alikuwa raia wa Yugoslavia. Kipa Kazadi Mwamba alitolewa mapema baada ya bao la tatu, akaingia Tubilandu. Katika vurugu za kulalamikia bao, beki wa kulia Mwepu Ilunga alimpiga refa teke. Refa, Omar Delgado wa Kolombia, akamtoa Ndaye Mulamba ambaye hakuwa na kosa. Mfungaji bora wa Afrika akatoka nje kwa mguu wa mwenzake, kwa sababu mwamuzi alishindwa kuwatofautisha.

Siku nne baadaye, uwanja uleule wa Gelsenkirchen, ilikuwa zamu ya Brazil. Hesabu za kundi zilikuwa hivi: Brazil wakishinda kwa tofauti ya mabao matatu, wanasonga mbele na Skoti wanarudi nyumbani. Kuelekea mwisho wa mechi Brazil wakapata frikiki. Wazaire wakapanga ukuta. Refa Nicolae Rainea wa Rumania akapuliza filimbi, na kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, Mwepu akachomoka kwenye ukuta mbio na kuubutua mbali kwa nguvu zake zote. Wabrazili wakaduwaa. Rainea akamwonyesha kadi ya njano. Mechi iliisha 3-0, Brazil wakapita, na Skoti wakatolewa bila kufungwa hata mechi moja.

Picha ile imerudiwa kwenye televisheni kwa nusu karne, na watangazaji wa Ulaya wameitumia kucheka: tazameni Mwafrika asiyejua sheria. Mwepu mwenyewe, miaka mingi baadaye, alieleza kwamba sheria alizijua vizuri. Alisema alitaka kadi nyekundu, ili asiendelee kuwachezea wakubwa waliokuwa wameshika fedha zao. Alisimulia pia kwamba baada ya kipigo cha Yugoslavia watu wa Rais Mobutu walifika hotelini na kuwaonya: wakifungwa na Brazil mabao manne au zaidi, wasitarajie kurudi nyumbani salama. Mimi namwamini. Mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika mwezi wa Machi hawezi kufika Juni akiwa amesahau kwamba ukuta hukaa mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Yule alikuwa beki mwenye hofu na hasira, anayezitafuta sekunde chache za kupumua. Mwepu alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015. Kicheko hicho hakukistahili.

Na je, wajua ni nani aliyekuwa katika ngome hiyohiyo ya Zaire? Bwanga Tshimen, beki wa kati wa TP Mazembe ya Lubumbashi, Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 1973. Beki! Tuzo hizi kwa kawaida ni za wafungaji. Huko Ulaya, tangu Ballon d'Or ianzishwe mwaka 1956, walioipata wakiwa mabeki ni watatu tu: Franz Beckenbauer mwaka 1972 na 1976, Matthias Sammer mwaka 1996, na Mwitalia Fabio Cannavaro mwaka 2006. Wawili kati ya hao watatu ni Wajerumani. Beckenbauer ndiye aliyeifundisha dunia kwamba beki wa nyuma kabisa anaweza kuinua kichwa, kubeba mpira mwenyewe na kuanzisha shambulizi. Tuzo ya Bwanga iliangukia kati ya zile mbili za Beckenbauer, na mwaka 1974 wote wawili walikuwa kwenye viwanja vya Ujerumani Magharibi kwa mashindano yaleyale. Mmoja akainua kombe mjini Munich tarehe 7 Julai. Mwingine alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, akiwa na mabao 14 kwenye nyavu za timu yake na jina lake bila wa kulitaja. Hadi leo ukimuuliza kijana wa Butembo au Beni amtaje beki mkubwa wa Kongo, mara nyingi atataja mtu wa juzi.

Oktoba 2020 Ridle Baku alihamia VfL Wolfsburg, na hapo ndipo alipogeuka kuwa beki wa kulia hasa. Kazi hii imebadilika mno tangu enzi za Mwepu. Zamani namba 2 alikuwa wa kumkaba winga wa kushoto, basi. Siku hizi anatakiwa afike kwenye mstari wa mwisho wa wapinzani, apige krosi, na mpira ukipotea awe amesharudi mita 60 kabla winga hajageuka. Wengi wanaoifanya vizuri walianza kama viungo au mawinga, kama Ridle, kwa sababu ni rahisi zaidi kumfundisha kiungo kukaba kuliko kumfundisha mkabaji kupiga pasi. Hapo Wolfsburg aligombea nafasi na Kevin Mbabu, mchezaji wa timu ya taifa ya Uswisi ambaye mama yake ni Mkongo. Klabu moja ya Ujerumani, upande mmoja wa kulia, wana wawili wa Kongo wakiusubiri, na nchi yenye damu yao haina hata mmoja.

Novemba 11, 2020, Ridle alivaa jezi ya wakubwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza, katika ushindi wa 1-0 dhidi ya Jamhuri ya Czech mjini Leipzig. Juni 6, 2021, akiwa na vijana wa chini ya miaka 21, aliichezea Ujerumani fainali ya Ulaya mjini Ljubljana. Yeye ndiye aliyepenyeza pasi iliyomfikia Lukas Nmecha, likapatikana bao pekee lililoizamisha Ureno. Kisha Novemba 11, 2021, mwaka mmoja kamili baada ya mechi yake ya kwanza, Ujerumani wakaikaribisha Liechtenstein mjini Wolfsburg katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Ridle akafunga bao la saba. Matokeo ya mwisho yalikuwa 9-0.

Tisa kwa bila. Idadi ileile iliyowaangukia Wakongo Gelsenkirchen mwaka 1974. Safari hii mwana wa Wakongo alikuwa upande wa wafungaji, tena kwenye uwanja wake wa nyumbani.

Mechi hiyo ilikuwa na uzito mwingine ambao wengi hawakuutazama. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyetimiza miaka 21 akishacheza mechi ya mashindano rasmi kwa timu ya wakubwa ya nchi moja, hawezi tena kuhamia nchi nyingine. Mechi za kirafiki hazimfungi mtu. Za kufuzu zinamfunga. Kwa hiyo bao lile la saba lilikuja katika mechi iliyofunga mlango: Nzuzi ni Mjerumani wa soka moja kwa moja. Wapo wanaomlaumu. Mimi siwezi. Alizaliwa Mainz, akafundishwa Mainz, na nchi iliyomtengeneza ikamwita mapema. Pacha wake Makana, ambaye ni mshambuliaji, naye amekula mkate wake kwa miguu, kwenye klabu za Poland, Uturuki na Ugiriki.

Wengine walichagua njia ya pili. Assani Lukimya, beki wa kati mwenye kifua kipana aliyekulia Ujerumani, aliipandisha Fortuna Düsseldorf Bundesliga mwaka 2012, akaenda Werder Bremen, na timu yake ya taifa ikawa Kongo. Cédric Makiadi, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia kulekule, alifanya hivyo pia. Na kabla yao kulikuwa na Kakoko Etepe, mmoja wa wale wa 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alirudi katika nchi ileile ilikopata aibu timu yake, akaichezea VfB Stuttgart na baadaye 1. FC Saarbrücken. Nadhani kurudi huko kulihitaji moyo.

Kwa wasomaji wa pwani na Tanzania niongeze moja, ingawa huyu si beki. Januari 2025 Ridle alipohamia RB Leipzig alimkuta humo Yussuf Poulsen, mshambuliaji wa Denmark ambaye marehemu baba yake alikuwa Mtanzania. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 Poulsen alivaa jezi iliyoandikwa Yurary, jina la baba yake.

Je, wajua kwamba mpira uliopigwa Alimbongo huenda mbali kuliko uliopigwa Mainz kwa nguvu ileile? Alimbongo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya baridi, ya viazi na ukungu. Mainz iko kando ya mto Rhine, mita 100 hivi tu. Kwenye kimo cha Alimbongo hewa ni nyepesi kwa takribani moja ya tano, kwa hiyo haiuzuii mpira sana wala haiupindi sana. Beki anayejifunza huku hujifunza kurudi nyuma hatua mbili za ziada kila kipa wa wapinzani anapobutua, maana mpira mrefu humpita kichwani asiyezoea. Akishuka kwenda kucheza mahali pa chini, mpira huanguka mapema kuliko anavyoukadiria, lakini pumzi anayo tele.

Kwa vipaji, kutoka milima hii hadi Bundesliga bado ni njia ndefu. Butembo ina AS Nyuki, klabu iliyofika ligi kuu ya Kongo, na uwanja wa Matokeo umeona mabeki wakali wasiowahi kupigwa picha na mtu wa kutafuta wachezaji. Ridle alikuwa na klabu ya ligi kuu katika mji aliozaliwa. Mtoto wa Alimbongo ana barabara ya taifa namba 2, ambayo mvua huifunga na vita huifunga zaidi. Desemba 2024 mapigano yalifika Alimbongo kwenyewe, na familia zikabeba zilichoweza kubeba. Kijana anayekimbia na ndugu zake hawezi kufanya mazoezi ya krosi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tunapohesabu wachezaji wa asili ya Kongo wanaong'ara Ulaya, tunaacha kuwahesabu waliobaki huku wakiwa na miguu ileile.

Na mwisho, je, wajua ni wiki gani iliyokuwa ya mabeki kuliko zote za karibuni? Ni ile ya katikati ya Novemba 2025. Tarehe 13, mjini Rabat, katika mchujo wa kuwania Kombe la Dunia, Kongo na Kamerun walikuwa 0-0 hadi dakika za nyongeza, ndipo Chancel Mbemba, nahodha na beki wa kati, alipofunga bao la ushindi. Tarehe 16, dhidi ya Nigeria, mechi iliisha 1-1 ikaenda kwenye penalti. Ya mwisho, ile ya kuamua, aliipiga Mbemba huyohuyo, nayo ikaingia. Butembo na Beni hazikulala. Tarehe 17, mjini Leipzig, Ujerumani waliichapa Slovakia 6-0 na kujihakikishia Kombe la Dunia la 2026, na bao la tano lilifungwa na Ridle Baku, aliyekuwa amerudishwa timu ya taifa baada ya kuachwa nje kwa muda mrefu. Tarehe 19, tena Rabat, tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika ilikwenda kwa Achraf Hakimi wa Morocco, beki wa kulia aliyepita Borussia Dortmund kati ya 2018 na 2020. Hakuna beki aliyekuwa ametwaa heshima hiyo tangu Bwanga Tshimen, mwaka 1973.